Paa linavuja, lakini wanasema lazima nirithiwe kwanza

*"Mume wangu alifariki Agosti mwaka jana kwa ajali ya barabarani karibu na Kisian. Nina miaka 36 na watoto watatu, wa kwanza yuko kidato cha pili. Nashona nguo soko la Kibuye mjini Kisumu, na nyumbani kwetu ni Seme. Mume wangu alikuwa kifungua mimba kwao. Baba mkwe alifariki 2009 na shamba bado liko kwa jina lake. Sasa mvua inakaribia, paa la nyumba yangu linavuja, na mama mkwe amesema hakuna mwanaume atakayepanda juu ya paa la chi liel, mke wa kaburi, kabla ya tero, ile desturi yetu Wajaluo ya mjane kurithiwa. Shemeji zangu wawili hawajapanda mahindi kwa sababu mke wa mkubwa ndiye wa kutangulia, na wanasema siwezi kutangulia nikiwa katika hali hii. Mtoto wa shemeji mdogo amekonda tangu Krismasi. Wanasema ni chira, ugonjwa wa kuvunja mwiko, na nimeileta mimi. Wametafuta mwanaume wa kulipwa kutoka mbali. Nilipokataa na kulia, wakasema basi koti lake litundikwe tu nyumbani mwangu usiku mmoja, yatosha. Kasisi wetu wa Anglikana ameniambia nifunge na kuomba. Mwenzangu wa Umoja wa Akina Mama anasema hata Ruthu alirithiwa, mbona najifanya mtakatifu kuliko Biblia? Je, nikikubali koti tu, nimemkana Kristo? Na nikikataa, watoto wangu watabaki na shamba?"*

Binti yangu, pole kwa msiba, na pole kwa yaliyofuata msiba. Mwenye paa linalovuja hana subira ya mahubiri, kwa hiyo nianze na majibu. Koti nakushauri ulikatae, ingawa ukishindwa nguvu sitakuita mkana Kristo, na nitakueleza kwa nini. Shamba la watoto wako halitegemei koti wala mwenye koti. Familia ya mume wako usiikimbie kama bado huna sababu ya kuogopa usalama wako, maana mtu anaweza kukataa kitanda bila kukataa ukoo. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo wachungaji wengi tunaliruka.

Mimi nimezaliwa Nyakach, kwa hiyo haya siyasemi kama mgeni. Nyanya yangu mzaa baba alirithiwa na binamu wa babu. Baba yangu mdogo alizaliwa babu akiwa kaburini mwaka wa nne, na hadi leo anaitwa mwana wa babu, wala hakuna aliyewahi kumhesabu vingine. Hivyo ndivyo tero ilivyokuwa kwa wazee: ndoa ya marehemu haikuvunjika kwa kifo. Mjane aliendelea kuwa mke wake, watoto waliozaliwa baadaye walikuwa wake, na jater, yaani mwanaume anayemrithi mjane, alikuwa msimamizi tu. Alikuwa ndugu au jamaa wa karibu, mwenye mke wake na boma lake, akija kuhakikisha kwamba nyumba ya nduguye haianguki na shamba lake halimegwi. Mjane alikuwa na sauti katika kumchagua, na akimwona hafai angeweza kumwambia asirudi. Mwanamke aliyepita umri wa kuzaa mara nyingi aliachwa na amani yake.

Nayasema haya si ili kuitetea tero. Nayasema kwa sababu ukienda kwa wazee na kuwaambia kwamba mila yao yote ni ya shetani, umeshapoteza kikao kabla hujaketi. Waambie badala yake kwamba wanachokuletea wewe si tero ya wazee wao. Mwanaume asiyejulikana ukoo, anayelipwa, anayelala usiku mmoja na kuondoka asubuhi, hatengenezi paa wala halipi karo. Hatamlinda mtoto wako wa kidato cha pili siku ambayo mpaka wa shamba utasogezwa. Wamebaki na tendo lenyewe, mzigo uliokuwa ukiambatana nalo wameuacha njiani. Nyanya yangu angewacheka.

Sasa Ruthu, maana mwenzako amekuchoma kwa Biblia na si vyema ubaki na kidonda hicho. Soma sura ya tatu na ya nne polepole. Ruthu hakuwa na mtoto, na lengo lilikuwa jina la marehemu lisipotee. Wewe unao watatu. Ruthu hakuletewa mwanaume usiku. Yeye ndiye aliyemwendea Boazi, kwa ushauri wa mkwewe, akamwomba amchukue. Boazi akamwambia kuna jamaa wa karibu zaidi, na asubuhi akaketi langoni mbele ya wazee kumi wa mji. Yule jamaa alipigiwa hesabu, akaona itaharibu urithi wake, akakataa, akavua kiatu, mambo yakaisha. Ndipo Boazi akamwoa Ruthu hadharani, ndoa ya maisha, na akamtunza Naomi. Hakuna utakaso humo, wala hofu ya mazao kuharibika, wala malipo kwa mgeni. Hata sheria ya Kumbukumbu 25, ambayo ndiyo msingi wa kisa hicho, iliwahusu ndugu wakaao pamoja ambapo aliyekufa hakuacha mwana, na ilikuwa na mlango wa kutokea kwa asiyetaka. Anayekuletea Ruthu akuletee na Boazi pia, na lango, na wazee kumi, na hiari.

Na Paulo, katika 1 Wakorintho 7:39, anasema mjane yu huru kuolewa na amtakaye, "katika Bwana tu". Maneno mawili hapo yana uzito: amtakaye, na katika Bwana. Ukija kuolewa tena siku moja, kanisa halina neno. Nimewafungisha ndoa wajane wengi, na harusi zao huwa na chakula kizuri kuliko za vijana.

Chira ndiyo inayowatia mama mkwe na shemeji zako hofu, na hofu hiyo ina historia. Kwa wazee wetu chira ni ugonjwa wa kukonda unaompata mtu au watoto wake kwa sababu mwiko, kwer, umevunjwa. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi hapa Kenya alitambuliwa mwaka 1984, na ugonjwa huo ulipofika kwetu ulikuja umevaa nguo za chira kabisa. Mume anakonda anakufa. Mke anamfuata. Mtoto mchanga naye. Wazee wakatazama wakasema, si tuliwaambia? Dawa waliyoijua ilikuwa tero, na tero ndiyo iliyokuwa daraja la virusi kutoka nyumba moja hadi nyingine: jater anatoka kwa mjane huyu anaenda kwa yule, kisha anarudi kwa mke wake. Kadiri watu walivyokufa ndivyo hofu ya chira ilivyoongezeka, na kadiri hofu ilivyoongezeka ndivyo utakaso ulivyodaiwa kwa nguvu zaidi. Nilizika watu wengi katika miaka ile kando ya ziwa, na mara nyingi nilijua, nikiwa bado nimeshika udongo mkononi, ni boma gani litakaloniita tena.

Kwa hiyo usimcheke mama mkwe wako. Aliyaona hayo kwa macho yake. Alichokosea ni sababu, si kuona.

Katika Yohana 9 wanafunzi walimwona kipofu wakauliza, ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu akakataa swali lenyewe, akashughulika na macho. Fanya vivyo hivyo. Mtoto wa shemeji aliyekonda tangu Krismasi anahitaji hospitali wiki hii. Kukonda kwa mtoto kunaweza kuwa TB, virusi, utapiamlo, au jambo jingine ambalo mimi kasisi sina ujuzi nalo. Dawa za TB na za virusi hazilipiwi katika hospitali za serikali. Zungumza na mama yake, wanawake kwa wanawake, toa nauli ya bodaboda ukiweza, mwende pamoja hospitali ya Kombewa. Mwanamke anayeshtakiwa kwamba amemletea mtoto chira, akionekana kijijini amembeba mtoto huyo kwenda kutibiwa, amehubiri kuliko mimi katika Pasaka zangu zote.

Lakini nikuambie na upande wa pili. Mtoto akipona, watasema amepona tu. Hali yake ikizidi, watasema ni wewe. Nenda ukijua hivyo, nenda kwa ajili ya mtoto, usiende ili ushinde kesi.

Tufike kwenye koti. Wapo wachungaji wenzangu, watu wa Mungu wasio na mchezo, ambao wangekuambia ulikubali: nguo ni nguo, itundike msumarini, omba, lala na watoto wako kwa amani, asubuhi uirudishe, paa litengenezwe. Wana andiko pia. Katika 2 Wafalme 5, Naamani alipopona ukoma alimwomba Elisha msamaha mapema, kwamba bwana wake akiingia hekalu la Rimoni akimwegemea mkono, naye itambidi ainame. Elisha hakumpa mahubiri. Alimwambia aende kwa amani. Hiyo ndiyo sababu nimesema sitakuita mkana Kristo. Mungu anaijua tofauti kati ya anayeinama kwa moyo na anayeinamishwa mkono.

Hata hivyo mimi nasimama upande mwingine, na sababu yangu iko katika 1 Wakorintho 10. Paulo anaulizwa kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu. Anasema sanamu si kitu, nyama ni nyama, nunua sokoni ule usiulize. Lakini mtu akikuambia wazi kwamba hii imetolewa sadaka, usile, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyekuambia. Koti ni kitambaa. Ila hapa kila mtu amekwisha kutangaza maana yake: kwamba ulikuwa najisi, na kwamba mwanaume huyu amekutakasa. Ukilitundika, boma zima litasoma tangazo hilo ukutani mwako, na binti zako watalisoma pia kwa siku yao. Pia kuna jambo la kidunia zaidi. Koti lina mwenyewe. Nimesikia visa zaidi ya kimoja vya mwenye koti kuja saa tano usiku kudai koti lake, na mjane akakuta hana wa kumwitia, kwa sababu kwa macho ya boma mgeni huyo sasa ana haki ya kubisha hodi. Waliokuahidi "koti tu" hawatakuwapo mlangoni saa hiyo.

Si kila mila unahitaji kupigana nayo, tafadhali. Utaratibu wa kupanda kwa kufuata ukubwa, golo kodhi, kwangu ni heshima tu. Haunitishi kama muumini. Na unafungulika bila tero. Mama mkwe wako yuko hai, naye ndiye mkubwa kuliko nyote. Mwombeni yeye afungue msimu kwa kupanda kwanza, kisha wewe useme mbele ya shemeji zako kwa maneno ya heshima kwamba hutaki mahindi yao yachelewe kwa sababu yako, na kwamba nafasi yako ya kutangulia unawaachia mwaka huu. Nimeona maboma yaliyokubali hivyo. Nimeona pia yaliyokataa, lakini baada ya mvua ya kwanza kunyesha jirani wote wakiwa shambani, msimamo wa mtu hulegea. Mahindi hayangoji kikao.

Kuhusu shamba, ondoa hofu moja kubwa. Watu wengi huku bado wanawatisha wajane kwa kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987 baada ya mjane wake Wambui kushindwa mahakamani. "Mila ilishinda," wanasema. Kesi ile ilihusu mahali pa kuzika, na ilikuwa kabla ya Katiba ya 2010. Leo kifungu cha 2(4) cha Katiba kinasema sheria yoyote, hata ya kimila, inayokinzana na Katiba ni batili kwa kadiri ya ukinzani huo. Kifungu cha 32(4) kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Na Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 haizunguki: katika orodha yake ya ukatili imetaja kurithi mke kwa lazima, imetaja kutakasa wajane, hata imetaja wakwe kuingilia mambo ya wanandoa. Waliotunga waliijua nchi yao.

Urithi wenyewe unatawaliwa na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inayotumika tangu 1981. Hakuna kipengele ndani yake kinachomtaka mjane awe na jater ndipo apate haki. Shida yako iko pengine: shamba bado ni la jina la baba mkwe, kwa hiyo faili ya kwanza kufunguliwa ni yake, si ya mume wako. Hapa kuna jambo ambalo huenda halijamjia mtu yeyote kwenu. Mama mkwe wako naye ni mjane. Sheria hiyo hiyo inampa yeye haki ya kulitumia shamba maisha yake yote, inamweka mbele katika kuomba usimamizi wa mali ya mumewe, na baada yake mali inagawiwa watoto wote kwa usawa. Fungu la mume wako halikufa naye. Linashuka kwa nyumba yako. (Watoto wote maana yake ni pamoja na dada zao walioolewa, jambo ambalo shemeji zako labda hawatalipenda, lakini hiyo ni vita ya siku nyingine.) Anayeuza au kumega shamba la marehemu kabla ya mahakama kutoa usimamizi anatenda kosa chini ya kifungu cha 45.

Safari yake huanzia kwa chifu, anayetoa barua ya kuwataja warithi wote. Hakikisha jina lako na majina ya watoto wako yamo kabla hajapiga muhuri. Kisha ombi linapelekwa mahakamani, kwenu nadhani Maseno au Winam, linachapishwa katika Gazeti la Serikali ili mwenye pingamizi aseme ndani ya siku 30, na kwa kawaida miezi sita baada ya kupewa usimamizi mnarudi kuuthibitisha na kugawa. Usiende peke yako. Shirika la mawakili wanawake, FIDA, lina ofisi Kisumu na huwasaidia wanawake wasio na uwezo wa kulipa wakili. Beba cheti cha kifo, cheti cha ndoa au barua ya chifu inayothibitisha ndoa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kwenda mahakamani si kukosa imani. Katika Hesabu 27 mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa kudai shamba la baba yao, na Bwana akasema wamesema haki.

Nirudi kwa kasisi wako. Amekuambia ufunge na kuomba. Simlaumu sana, kwa sababu nimewahi kuwa yeye.

Nilipokuwa kasisi kijana, nilihubiri katika mazishi fulani, mahubiri makali dhidi ya tero, watu wakaitikia amina hadi mahema yakatikisika. Baadaye mjane alinifuata nikifunga joho langu nyuma ya pikipiki. Akaniuliza, "Pasta, basi nani atanipandia paa?" Nikamshika mkono, nikaomba naye, ombi refu, nikawasha pikipiki nikaenda. Nilirudi baada ya miezi minne kubatiza mtoto boma la jirani, nikapita kumsalimu. Paa lilikuwa jipya. Ukutani kulikuwa na koti. Alinipa chai, akanikaribisha viazi, hakuniomba radhi, nami sikuwa na la kumwambia.

Matendo 6 inasimulia kwamba malalamiko ya kwanza ndani ya kanisa yalikuwa kuhusu wajane waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wafunge. Waliteua watu saba, kwa majina, wenye kazi hiyo. Yakobo 1:27 akaja akasema dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Kwa hiyo nenda kwa kasisi wako tena, na safari hii usiombe ushauri, omba watu. Mwombe wanaume wa KAMA, chama cha wanaume wa Kianglikana, waje Jumamosi moja na ngazi, misumari ya paa na mabati mawili matatu. Waje mchana, kundi, wakiwa na wake zao wa Umoja wa Akina Mama wanaopika uani, mama mkwe wako akiwa amealikwa rasmi na kuketishwa kwenye kiti kizuri. Kasisi aanze kwa ibada fupi ya kuombea nyumba. Miongoni mwao wawepo wawili walio wa ukoo wa mume wako. Katika kila ukoo wa Seme kuna mzee wa kanisa, mtafuteni. Mwanaume mmoja akipanda juu ya paa lako peke yake, atakuwa jater kwa masengenyo. Wakipanda wanane wakiimba, ni kanisa.

Huyo mwenzako aliyekutupia Ruthu, mpe kazi ya kupika ugali.

Kabla ya hapo, kaa na mama mkwe peke yenu. Usimpelekee Biblia kwanza. Kaa naye jioni, muulize juu ya mwanawe, alipokuwa mdogo alipenda nini. Mmezika mtu mmoja nyinyi wawili, na nahisi tangu matanga hamjalia pamoja. Kisha muulize swali hili: mwaka 2009, alipozikwa baba, wewe walikufanyia nini? Sijui atajibu nini. Labda alirithiwa na akaona haya hadi leo. Labda alikataa, na amebeba hofu kwamba kifo cha mwanawe ni malipo ya kukataa kwake. Ikiwa ni hili la pili, basi haya yote si juu yako hata kidogo, na atahitaji kuchungwa kuliko wewe. Nimekutana nalo zaidi ya mara moja.

Ukimaliza kumsikiliza, mwambie neno lako bila kupaza sauti: "Mama, mimi ni mke wa nyumba hii na sitaondoka. Nitakulea uzeeni kama mwanao angekulea. Agosti tutafanya rapar yake vizuri, na wazee waje. Lakini mwili wangu nimeutoa kwa Kristo na sitaupa mtu nisiyemjua." Ahadi ya rapar, ukumbusho wa mwaka, si kitu kidogo kwa wazee. Inawaambia kwamba marehemu hajasahauliwa, na hilo ndilo nusu ya wanachoogopa.

Gharama zitakuwepo hata hivyo. Huenda ukatengwa msimu mmoja au miwili, usiitwe jikoni kwenye matanga ya jirani, watoto wako wakaambiwa maneno shuleni. Wajane wengine hawakurudishwa kundini hadi mama mkwe alipougua na wao ndio waliomwogesha. Ikizidi uwezo wako, kupanga chumba Kisumu kwa muda karibu na kazi yako si kushindwa. Hakikisha tu faili ya urithi imefunguliwa kwanza na kwamba unarudi kulima, ili mtu asije akasema uliacha boma.

Ila yote haya ya subira na vikao yana mpaka. Mtu akikutisha, akivunja mlango, akikufungia ndani au akimleta mwanaume huyo kwa nguvu, usingoje kikao wala kasisi. Toka na watoto, nenda kituo cha polisi chenye dawati la jinsia, au piga 1195, ni bure na hupokewa usiku na mchana. Kwa jambo la mtoto ni 116. Likitokea la kulazimishwa kimwili, usioge, nenda hospitali saa hiyo hiyo, yaani Kombewa au Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini, ile ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Russia. Dawa ya kuzuia virusi lazima ianzwe ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Na hata bila hayo, kama usiku huwezi kulala, chakula hakishuki, au umeanza kuwaza kwamba watoto wangekuwa afadhali bila wewe, mwambie daktari wazi. Huzuni ya namna hiyo hutibika, na si pepo.

Mwonyeshe kasisi wako jibu hili. Akiuliza ni nani basi atakayetangulia kupanda juu ya paa, mwambie mzee mwenzake amesema ngazi aishike yeye.